Rafu za maduka ya Bukavu na mchoro unaotii vipimo

Mwenye duka anayetaka rafu mpya huomba jambo moja tu: aoneshwe picha. Anataka kuliona duka lake likiwa limepakwa rangi, taa zimewashwa na chupa zimepangwa kwa mistari. Picha hiyo ninaitengeneza, kwa sababu bila hiyo hakuna malipo ya awali, na programu ya SketchUp huniwezesha kuimaliza jioni moja. Hata hivyo, kwa jinsi ninavyoifahamu kazi hii ya kuchora rafu, kaunta na makabati ya vioo hapa Bukavu, picha ndiyo sehemu yake nyepesi kuliko zote. Kinachoifanya rafu isimame imara, ipite mlangoni na isile faida ya karakana ni mchoro mwingine, ambao mteja haombi kuuona: mchoro ambao vipimo vyake vimefungwa kimoja kwa kingine, hata ukibadilisha kimoja, vingine vyote vinajirekebisha.

Kwingineko, ambako maduka hujengwa kwa ramani moja na kuta zilizonyooka, huenda mtu akanunua rafu zilizokwisha kutengenezwa na kuzipanga tu. Mji wetu uko juu ya vilima, viwanja ni vyembamba, na maduka mengi yameongezwa chumba baada ya chumba kadiri fedha zilivyopatikana. Katika duka moja la vyakula lililo karibu na soko la Kadutu, ukuta wa nyuma ulikuwa na upana wa sentimita 312 sakafuni, 309 usawa wa kifua na 307 juu ya kichwa. Fundi wa kuchomelea niliyekuwa naye aliangalia namba zangu tatu, akatabasamu, akasema, “Injenia, unipatie kipimo kimoja tu, nikate.” Kipimo kimoja cha kumpa ni kile kidogo kuliko vyote, ukitoa milimita 10 kila upande ili rafu iingie bila kupigwa nyundo, na pengo linalobaki lifunikwe kwa kipande chembamba cha bati. Nao mteremko wa sakafu unamalizwa kwa miguu ya skrubu inayopandishwa na kushushwa, si kwa kuweka vipande vya mbao chini ya nguzo.

Namba hizo naziingiza katika jedwali ndani ya FreeCAD, programu ya kompyuta ya kuchora kwa vipimo: upana, kina, kimo cha nguzo, unene wa bati, idadi ya ngazi, yaani mbao au bati za kulala zinazobeba bidhaa. Mchoro wote unasoma jedwali hilo. Wazo la mchoro unaotii masharti ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alikwisha kuonesha programu yake ya Sketchpad, ambamo mchoraji aliweza kuagiza kwamba mistari fulani iwe sambamba au iwe na urefu sawa, na kompyuta ikatimiza. Ninachokifanya mimi ni kuagiza kwamba nguzo ya kushoto ilingane na ya kulia, na kwamba ngazi zigawane nafasi iliyobaki baada ya kuondoa unene wao wenyewe.

Faida yake inaonekana zaidi katika ukataji. Mabomba ya chuma ya mraba tunayotumia yana urefu wa mita 6. Mteja akitaka meza ya maonesho yenye nguzo za milimita 1,200, hesabu ya haraka inasema kila bomba litatoa nguzo tano. Halitoi. Diski ya kukatia inakula kama milimita 3 kila inapopita, kwa hiyo baada ya nguzo nne kinabaki kipande cha milimita 1,188, ambacho ni kifupi kwa milimita 12 tu na hakifai tena kuwa nguzo. Nikiingia katika jedwali na kuandika 1,195 badala ya 1,200, nguzo tano zinapatikana katika kila bomba, diski inapata haki yake, na hakuna mteja ambaye atawahi kutambua kwamba meza yake imepungua nusu sentimita. Zamani marekebisho ya namna hiyo yangemlazimu mchoraji kufuta na kuchora upya kila kipande kinachogusana na nguzo. Sasa ni kubadilisha namba moja na kusubiri sekunde chache.

Bati nalo lina ujanja wake. Chukua ngazi ya rafu yenye kina cha milimita 300, iliyokunjwa kingo mbili za milimita 30, kwa bati la unene wa milimita 1.2. Fundi anajumlisha 30, 300 na 30, anapata 360, anakata. Lakini chuma kinapokunjwa, upande wa nje unavutika na wa ndani unabanwa, na vipimo vya nje vinahesabu kona mara mbili. Kwa mkunjo wenye nusu kipenyo cha ndani cha milimita 1.5, na mstari wa katikati, usiovutika wala kubanwa, ukiwa kwenye asilimia 40 ya unene kutoka ndani, bati linalotakiwa ni la milimita 355.4. Tofauti ya milimita 4.6 inatosha kabisa kuizuia ngazi isiingie kati ya nguzo zake. FreeCAD ina nyongeza ya kazi za bati inayolifungua umbo lililokunjwa na kulilaza bapa likiwa na vipimo vya kukatia. Sharti ni moja tu: kwanza ukunje kipande cha majaribio kwa mashine ya karakana ileile, ukipime, kisha uiambie programu ukweli kuhusu mashine hiyo, kwa kuwa kila mashine ina tabia yake.

Nikija kwenye uzito, hapo ndipo picha nzuri inapodanganya zaidi. Katika picha, ubao wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita 18 unabeba chochote utakachoupakia. Weka sasa chupa za maji za lita 1.5, ambazo upana wake ni kama sentimita 9: zinaingia 11 kwa mstari, mistari mitatu katika kina cha sentimita 30, yaani chupa 33 na karibu kilo 50. Nikichukua ugumu wa kawaida wa MDF, kama gigapaskali 3, ubao ulioshikiliwa ncha mbili tu unapinda karibu milimita 15 katikati, na baada ya miezi unapinda zaidi, maana MDF huendelea kulegea chini ya mzigo wa kudumu. Ukifupisha nafasi kati ya nguzo hadi sentimita 70, kwa upangaji uleule wa chupa, mpindo hauzidi milimita 4. Sababu ni kwamba mpindo hukua kwa kipeo cha nne cha urefu. Mama mmoja mwenye duka aliponiuliza kwa nini nimemwekea nguzo ya ziada “inayoficha biskuti”, nilimfungulia mchoro na kumwonesha ubao wake ukiwa umepinda kama kitanda cha kamba, na nguzo ikabaki.

Hapa Bukavu lazima niongeze jambo ambalo mchoraji wa mji mwingine angeweza kulisahau. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa eneo la Ziwa Kivu, na ardhi yetu, iliyokaa katika Bonde la Ufa, haijaahidi kutulia. Rafu yenye kimo cha sentimita 180 na kina cha 35, ambayo kitovu cha uzito wake kiko sentimita 90 kutoka sakafuni, inaanza kuanguka inaposukumwa kwenye kitovu hicho kwa nguvu inayokaribia moja ya tano ya uzito wake. Mzigo mzito ukipangwa chini, kitovu kikashuka hadi sentimita 60, inahitaji zaidi ya robo. Programu inakionesha kitovu hicho nikishakipa kila kipande uzito wake, na mara nyingi inanikumbusha kuhamisha mafuta ya kupikia kutoka ngazi ya macho kwenda ngazi ya chini. Wauzaji hawalipendi hilo, nami nawaelewa. Basi tunakubaliana juu ya vishikizo viwili vya chuma vinavyoifunga rafu ukutani, na hivyo sivipunguzi bei wala sivitoi kwa mazungumzo.

Mlango na ngazi za kupandia nazo ni sehemu ya usanifu. Rafu inayochomelewa yote karakanani haipiti katika vichochoro vya Kadutu, na mbebaji hawezi kupinda kona nayo. Bomba la mraba la milimita 25 lenye unene wa 1.5 lina uzito wa kilo 1.1 kwa mita, kwa hiyo fremu ya pembeni mtu mmoja anaibeba begani; ngazi zinafuata zikiwa zimelazwa bapa, na bolti zinafungwa ndani ya duka.

Kuhusu uchaguzi wa programu, sina ushabiki. SolidWorks, iliyotoka mwaka 1995, ni chombo kizuri sana, ila leseni yake haiendani na kipato cha karakana ya watu wachache. Onshape hufanya kazi ndani ya intaneti, na mtandao ukikatika, umeme nao ukifuata, mchoraji anabaki na kikombe chake cha chai. FreeCAD ni ya bure, inakaa ndani ya kompyuta, na tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024 imekuwa na sehemu yake yenyewe ya kuunganisha vipande. Ina ukaidi wake, lakini inavumilika.

Kompyuta yenyewe haifiki karakanani, kwa sababu ya cheche na vumbi la chuma. Fundi anapata karatasi yenye vipimo vya milimita peke yake, bila kuchanganya sentimita, na mashimo yote ya nguzo yamepimwa kutoka ukingo mmoja wa chini. Shimo likipimwa kutoka shimo lililotangulia, kosa la nusu milimita linarudiwa hadi ngazi ya kumi ikakosea kwa milimita 5 nzima, na chupa zikaegemea upande mmoja.