Jinsi nilivyotatua mkanda wa LED uliokwama baada ya kuweka kiongezo

Mara tu nilipoweka kwenye WLED, programu ya kuendesha taa za LED, kiongezo cha kupima joto kilichotungwa na mtumiaji mwenzangu, rangi za mkanda wangu wa LED zilianza kuganda kwa karibu sekunde moja, kisha kuendelea. Nilishuku umeme kwanza, nikabadilisha nyaya bure.

Kwa kuwa viongezo hivi huunganishwa ndani ya programu yenyewe, bila kizuizi chochote kati yao na taa, nilifungua msimbo, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mapema. Ndani ya loop(), sehemu ya msimbo inayorudiwa bila kukoma, mlikuwa na delay(750), amri ya kusubiri milisekunde 750, yaani muda ambao kitambuzi cha joto cha DS18B20 huweza kuhitaji kukamilisha kipimo chake cha kina zaidi, cha biti 12, na muda wote huo taa hazikupata zamu.

Nilihifadhi nakala ya cfg.json na presets.json, faili za mipangilio ya WLED, nikaondoa delay(), nikaagiza kipimo na kurudi kukisoma pale millis(), hesabu ya milisekunde tangu bodi iwashwe, ilipoonyesha muda umetimia. Nilihakikisha pia kwamba pini ya kitambuzi haiko kati ya pini za GPIO 6 hadi 11, ambazo ESP32 ya kawaida, chipu inayoendesha bodi, huzitumia kwa kumbukumbu yake. Nilijaribu kwanza kwenye bodi ya akiba, kwa waya wa USB. Rangi hazikuganda tena.