Nilikwenda Iringa Kumtafuta Mpagazi

Bibi yangu wa Tukuyu ana zaidi ya miaka 80, na tangu nikiwa mtoto amekuwa akinisimulia habari moja: babu yake alichukuliwa na Waingereza akabebe mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walipopigana na Wajerumani, akaelekezwa upande wa Iringa, hakurudi. Niliposikia kwamba Iringa mjini kuna makaburi ya askari wa vita vile, na kwamba yanatunzwa hadi leo, nilimpigia simu kumwambia nakwenda. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mjukuu wangu. Ukatazame vizuri."

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi, stendi ya Nanenane, Mbeya, nimekaa dirishani. Njia ya Mbeya hadi Iringa nimeipita mara nyingi nikiwa nasinzia. Safari hii kila mlima niliutazama kama mtu mwenye mzigo kichwani.

Mei 1916 jeshi la Waingereza la Jenerali Edward Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo. Likaiteka Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, likapanda hadi Njombe, likapigana Malangali mwezi Julai, na tarehe 29 Agosti likaingia Iringa. Huku kwetu hapakuwa na reli. Ng'ombe na farasi walikufa kwa mbung'o. Risasi, unga na dawa vyote vilisafiri vichwani mwa watu, kila mmoja na ratili zake 50 hivi, kama kilo 23. Na mpagazi naye hula. Kadiri jeshi lilivyozidi kwenda mbali na Ziwa Nyasa ndivyo unga ulivyoliwa njiani na wale wale walioubeba, hata wakahitajika wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Wanaume wa vijijini waliisha hivyo.

Tulipita mashamba ya mpunga ya Usangu, tukapita Igawa. Kabla ya Makambako kuna njia ya kwenda Ilembula, ambako wengi wetu tunakujua kwa hospitali ya misheni. Novemba 1916 kikosi cha Wajerumani kilisalimu amri huko. Kilikuwa sehemu ya jeshi la Jenerali Kurt Wahle, lililotoka Tabora Wabelgiji walipoiteka mwezi Septemba, likakata nchi kuja kusini-mashariki na kuishambulia mistari ya Waingereza kuzunguka Iringa. Nao walikuwa na wapagazi wao, Waafrika vilevile, wakitembea katika pori lile lile.

Nilishuka stendi ya Igumbilo, nikachukua bajaji, tukavuka Ruaha Mdogo na kupanda kile kilima kirefu cha kuingia mjini. Makaburini nilimkuta mzee akiokota majani makavu. "Kamwene," akanisalimu, akaniacha niingie.

Ni mahali patulivu, pasafi kuliko makaburi mengi ninayoyajua. Mawe yamepangwa kwa mistari, kila moja na jina, namba ya askari, kikosi chake na tarehe. Wapo Waafrika Kusini, wapo Wajerumani, na wapo wa vita vya pili pia. Nilisoma jiwe moja moja. Wengi katika vita vile hawakuuawa na risasi, waliuawa na malaria na kuhara damu, mbali na mama zao, na sina kinyongo na yeyote aliyelazwa pale. Nilimaliza mistari yote. Nikarudia tena. Mtu wetu hayupo.

Hakusahaulika kwa bahati mbaya, na hilo ndilo lililonikaa kooni. Tume ya Waingereza ya makaburi ya vita ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba wote waliokufa wataenziwa sawasawa, bila kujali cheo wala dini. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1920 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Yakaachwa. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikaribia milioni moja, na waliohesabiwa kufa ni kama 95,000. Hesabu ilikuwepo, majina ndiyo hayakuonekana kuwa na thamani ya jiwe. Mwaka 2021 tume yenyewe ilichapisha ripoti ikakiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakuenziwa kwa majina, ikaomba radhi.

Nilimuuliza yule mzee kama kuna mahali pengine walikozikwa wapagazi. Alinyoosha mkono kuelekea bondeni, kisha akauzungusha hadi upande wa pili, mji mzima.

Nilimpigia bibi nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya uzio.

"Umemwona?"

"Hapana, bibi. Hawakumwandika."

Alinyamaza kwa muda. Nilimsikia akimfukuza kuku.

"Basi ukirudi usiishie Mbeya, panda gari uje Tukuyu. Ile migomba ya nyuma ya jiko, mashina ya kwanza aliyapanda yeye, na sisi tumekuwa tukihamisha machipukizi tu. Uje na jembe, imejaa magugu."

Kesho yake saa tisa alasiri nilikuwa nyuma ya jiko la bibi, nalima.