Vigango vilivyotawanyika na haja ya msamiati sanifu

Anayetaka kujua ni vigango vingapi, yaani michongo ya mbao ambayo Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwakumbukia marehemu wao, vimehifadhiwa katika makumbusho ya Marekani na Ulaya hatapata jibu kwa kutafuta neno "kigango" peke yake katika katalogi za makumbusho hayo. Kitu kile kile kimeingizwa huku kama nguzo ya kaburi, kule kama sanamu ya ukumbusho, na kwingine kama mchongo wa mbao tu. Waliokichonga nao wameandikwa Giriama, Giryama, au Nyika, jina la zamani lenye dharau ambalo wenyewe waliliacha wakajiita Mijikenda. Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba kuorodhesha vitu kwa msamiati sanifu, yaani orodha moja ya istilahi inayotumiwa na makumbusho mengi, kazi ambayo wengi huiona kuwa ya ukarani, kunagusa haki za watu.

Kigango huchongwa kwa mti mgumu, mrefu na bapa, mara nyingi chenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichotiwa nakshi za pembetatu. Wagiriama, ambao ni miongoni mwa Wamijikenda, humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, na aghalabu hufanya hivyo miaka mingi baada ya mazishi, pale roho ya marehemu inapodai katika ndoto au kwa kuiletea familia matatizo. Hakiwekwi ili kuonyesha mahali mwili ulipozikwa. Kwa hiyo karani aliyeandika "nguzo ya kaburi" hakukosea jina tu, bali alimpeleka kila mtafiti aliyekuja baada yake mahali pasipo penyewe.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa vikiwa Marekani, kimoja katika makumbusho ya Illinois na kingine katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton huko Virginia, na hatimaye vikarudishwa Kenya. Jambo linalonisumbua katika kisa hiki ni namna vilivyogunduliwa: si katalogi iliyovifichua, bali macho ya mtu aliyekuwa na picha ya zamani na aliyebahatika kuona picha nyingine. Msamiati sanifu haungeweza kutaja jina la mwenye kigango, lakini ungepunguza maelfu ya michongo ya Afrika hadi vichache ambavyo mtu mwenye picha mkononi angeweza kuvipitia kimoja kimoja.

Msamiati unaotumiwa zaidi katika fani hii ni Art & Architecture Thesaurus wa taasisi ya Getty, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1990 na kutolewa kama data huria mwaka 2014. Ndani yake kila dhana ina namba yake ya kudumu. Chini ya namba hiyo hukusanywa majina yote ya dhana hiyo, tahajia zake na lugha zake, pamoja na maelezo mafupi yanayoonyesha mipaka ya maana, kisha dhana yenyewe huwekwa chini ya dhana pana zaidi. Makumbusho mawili yanapotumia namba moja, hayahitaji kukubaliana juu ya neno, kwa sababu anayetafuta kwa jina lolote kati ya hayo ataletewa kumbukumbu zile zile.

Mfumo mwingine, Nomenclature, ulioasisiwa na Robert Chenhall mwaka 1978 na kuenea sana Marekani na Kanada, hupanga vitu kwa kazi yake ya asili. Ni kanuni nzuri kwa jembe au kinu. Kwa kigango humlazimu mwenye kuorodhesha aulize swali ambalo wanunuzi wa sanaa hawakuliuliza: kilikuwa kinafanya nini pale kiliposimama?

Haja hii si ya vigango peke yake. Mradi wa International Inventories Programme, ulioyashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ulikusanya kumbukumbu za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje. Kila taasisi kati ya hizo imezoea lugha yake na tahajia zake.

Mimi ningependa kila kumbukumbu iwe na sehemu mbili zisizochanganywa. Ya kwanza ihifadhi jina la wenyewe kama wanavyolitamka, pamoja na maneno ya zamani ya kadi za makumbusho, hata yale mabaya, kwa sababu ni ushahidi wa nani alikichukua kitu na alikionaje. Ya pili iwe na istilahi sanifu na namba yake, kwa ajili ya utafutaji. Getty hupokea istilahi mpya kutoka kwa taasisi nyingine, na mlango huo makumbusho yetu yanapaswa kuutumia kwa bidii. Maelezo ya kigango, ya koma, mchongo wa ukumbusho ulio mdogo na rahisi kuliko kigango, na ya tofauti baina yao yaandikwe kwanza pamoja na wazee wa Gohu, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili, ndipo yapelekwe kwa Getty huko Los Angeles kutafsiriwa.