Mali ya Mjerumani sijaiona, ila misumari ninayo ya kufungulia duka

Kila nikipita na ditekta yangu, ile mashine ya kutafutia chuma ardhini, begani hapa Mbeya, awe bodaboda awe mama wa parachichi, swali ni lile lile, vipi kijana mali ya Mjerumani umeipata? Huku kwetu nyanda za juu kusini kila mti mkubwa una alama, kila jiwe lenye mstari ni ramani, na kila kijiji kina mzee anayejua kabisa pale Mjerumani alipofukia sanduku la mali usiku akikimbia Vita ya Kwanza ya Dunia. Mi hilo sanduku silitafuti na leo nieleze kwa nini, maana kuna watu wanauza ng'ombe ili wakodi mashine.

Hebu angalieni vita yenyewe ilivyokuwa. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza chini ya jenerali Northey likatokea upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, likaingia Tukuyu, ambayo Mjerumani alikuwa anaiita Neu-Langenburg, Julai wakapigana Malangali na mwisho wa Agosti wakaingia Iringa. Sasa mwaka huo huo Mjerumani mwenyewe hela hana! Meli za Waingereza zimeziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziji, ndo maana wakaanza kugonga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli pale Tabora, za shaba za heller 20 na heller 5 (heller ndo zilikuwa senti za rupia yao), na ile maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke. Zile za dhahabu zote kwa pamoja ni elfu kumi na sita na kitu tu, na moja ina gramu 7 na kidogo, yaani ukizikusanya zote hazifiki hata kilo 120. Na mwaka uliofuata wakawa wanatengeneza noti porini kwa herufi za mpira. Mtu aliyefikia kugonga noti kwa muhuri, masanduku ya dhahabu ya kufukia kila kilima kuanzia Njombe mpaka Sumbawanga anayatoa wapi jamani?

Halafu hizo mashine wanazokodisha, ile ya kushika mkononi ina antena mbili inakuonyesha dhahabu iko mita 30 chini na umbali wa kilomita, hiyo ni utapeli mtupu, msitoe hata mia. Ditekta ya kweli sahani yake inatuma sumaku ya umeme ardhini, chuma au shaba ikiguswa inajibu, mashine inasikia lile jibu, basi. Kitu cha saizi ya sarafu kwa mashine ya kawaida unakipata sentimita 20, 25 hivi, na hapo udongo uwe umekubali. Na udongo wetu haukubali kirahisi, huu mwekundu wa kwetu na ule wa volkano wa Rungwe umejaa chuma chuma, mashine inapiga kelele hata pasipo na kitu, usipoiseti kwanza na ardhi ya pale pale utachimba mashimo mpaka jioni. Jamaa wa Chunya wanaotafuta punje za dhahabu wanatumia aina nyingine, ya mapigo, inavumilia zaidi udongo wa hivyo, ila bei yake ni ya pikipiki na zaidi. Na ukienda Isimila kule Iringa, yale mashoka ya mawe ya watu wa kale, ditekta inakaa kimya kabisa, jiwe haliijui. Kinyume chake ukiipeleka karibu na kimondo cha Mbozi, tani kama 16 na karibu yote ni chuma, utavua hedifoni mwenyewe.

Kwa hiyo napata nini? Vizibo vya soda, betri za redio, vipande vya jembe, misumari. Ila kuna shamba la mjomba upande wa Rungwe, kang'oa kahawa ya zamani apande parachichi, akaniruhusu nipite kabla ya miche. Karibu na njia ya zamani ikaja sauti moja safi, nikigeuka upande wa pili bado ni ile ile, haikatiki, na hiyo ndo unayoisubiri maana msumari unakwaruza. Nikakata kipande cha udongo kwa sepetu, nikakivunja kwa mkono, ikatoka duara ndogo ya kijani. Sikuisugua, niliimwagia maji tu, taratibu ikaonekana taji, mwaka 1912, na kaherufi J, maana yake iligongwa Hamburg. Heller moja. Mjomba akaishika, akaigeuza, akauliza, "Sasa hii inanunua nini?" Nikamwambia mjomba, hizi mia moja ndo zinafanya rupia moja. Akanirudishia. "Basi rudi pale pale, na wenzake tisini na tisa wapo."

Hawakuwepo, ilikuwepo senti kumi yenye tundu ya enzi za Mwingereza. Mi nilifurahi sana, mjomba hapana.

Ninachofurahia ni pale nilipoipata, na hapa ndo nagombana na wachimbaji wa usiku. Mfano wa pwani ndo mzuri. Sarafu moja ya shaba ya sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, ilipatikana Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe kule Zimbabwe, na kwa kuwa watu wanajua ilitoka wapi, kasarafu kasiko na thamani sokoni kanashuhudia biashara ya dhahabu ya Kilwa na bara. Nyingine tano za Kilwa aliziokota askari mmoja mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, Australia, akaziweka kwenye kopo, zikaja kuchunguzwa miaka mingi baadaye, na mpaka leo wasomi wanabishana zilifikaje kule.

Sasa fikiria Lugalo kule Iringa, pale Wahehe walipomuua kamanda wa Wajerumani, Zelewski, na sehemu kubwa ya kikosi chake tarehe 17 Agosti 1891, au Kalenga ambako ngome ya Mkwawa ilipigwa mizinga na kuangushwa Oktoba 1894. Ganda la risasi pale lilipolala linakuambia nani alisimama wapi. Likishaingia mfukoni mwa mtu ni kipande cha shaba. Kwa hiyo Kalenga naingia makumbusho tu, mashine naiacha nyumbani, na isitoshe Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Mi nabaki kwenye mashamba ya ndugu, udongo uliolimwa tayari, na napima mahali kwa simu kila kitu kinapotoka.

Risasi ukiikuta bado ina kichwa, usiigonge wala usiipashe moto, iache hapo uite polisi. Na kama bibi yako ana sarafu za zamani kwenye kibati, msizisugue kwa ndimu wala majivu, piga picha pande zote mbili unitumie, nitakusomea mwaka na ilipogongwa, bei usiniulize.