Nilivyochagua zana zangu za kwanza za kuvua kwa flai Jambiani

Mimi nimekulia mshipi wa mkono: ndoana, chubwi, kipande cha pweza, basi. Flai ni chambo cha manyoya kilichofungwa kwenye ndoana, chepesi mno, hakirushiki kama tulivyozoea. Ami yangu, mvuvi wa miaka mingi, aliushika mshipi mnene wa flai akaugeuzageuza.

"Sasa huu hauna chubwi, mwanangu. Utaurushaje?"

"Uzito umo ndani ya mshipi wenyewe, ami."

Jibu hilo ndilo lililoniamulia pesa ziende wapi. Nilikuwa na laki saba tu, na karibu kila mtu niliyemuuliza alianza kunisifia fimbo. Mimi nikaanza na mshipi. Bahari yetu ina joto la nyuzi 25 hadi 30, na mshipi uliotengenezwa kwa ajili ya bahari za baridi ukifika huku hulegea, hunata, haupiti vizuri kwenye pete za fimbo. Nikaagiza wa kuelea, wa nchi za joto, namba 8. Namba hiyo ni uzito: mita 9 za mwanzo zina gramu 13 na nusu hivi. Namba 5 ni ya samaki wa mitoni, upepo wetu utaicheza. Namba 12 ni ya sulisuli, na mkono wa anayejifunza utachoka mapema. Ya 8 inamtosha changu, na kolekole wa wastani pia.

Fimbo nikachukua ya namba hiyohiyo, ya kaboni, ya bei ya kati, futi 9, ya vipande vinne. Inaingia kwenye mfuko mfupi, napanda nayo daladala bila kumsumbua mtu.

Kwenye rili, kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi, sikubana pesa. Chumvi huanza kuila breki yake, inayomzuia samaki asivute mshipi ovyo, kwa ndani kabla hujaona kutu nje, kwa hiyo nilitaka breki iliyofunikwa isiingize maji, na mwili wa alumini uliotiwa kinga ya chumvi. Nyuma ya mshipi nimezungusha uzi wa akiba mita 200, kwa sababu kolekole akishikwa hukimbia moja kwa moja kwenye kina, na mshipi wenyewe una mita 30 tu au kidogo zaidi. Kila nikirudi naiosha kwa kikombe cha maji yasiyo na chumvi, polepole, kisha nalegeza breki. Hata siku ambayo maji ya bomba hayatoki, ndoo ya rili huwekwa akiba.

Flai nilianza na ya Clouser, iliyobuniwa na Mmarekani Bob Clouser miaka ya 1980. Ina macho mazito ya chuma yanayoigeuza, ncha ya ndoana ikatazama juu, hivyo hainasi ovyo kwenye mawe. Sasa nafunga mwenyewe kwa manyoya meupe ya mbuzi, na samaki hawajalalamika.

Jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha ni upepo. Ufukwe wetu unatazama mashariki. Wakati wa kusi, ukisimama kuielekea bahari, upepo unakujia kuliani, na kwa anayetumia mkono wa kulia hiyo ina maana ndoana inasukumwa kichwani mwake. Mimi hugeuka nikaupa ufukwe uso, nikaachia flai iende baharini kwa mrusho wa nyuma, yaani pale mshipi unaporuka nyuma yangu. Kaskazi ikiingia, upepo unahamia kushoto na kazi inakuwa rahisi; anayetaka kuanza, aanze miezi hiyo. Kofia na miwani ni vya lazima misimu yote. Miwani iwe ile inayokata mwako wa maji, maana bila hiyo huoni samaki wala taa aliyejifukia mchangani. Viatu viwe vya soli ngumu.

Natoka maji yakiwa yamekupwa, nazunguka mashamba ya mwani bila kukanyaga kamba za wenyewe, nasubiri pembeni mwa mkondo. Maji yakianza kujaa samaki hupanda nayo, na mimi narudi nyuma hatua kwa hatua. Siku za bamvua sisubiri yafike magotini, kwa kuwa yanaingia kwa kasi na mikondo ya nyuma yako hujaa kwanza.

Fimbo ya namba 10, ya kolekole wakubwa, bado sijainunua. Nikipata pesa tena, nitaongeza kwanza mshipi wa pili unaozama, wa fimbo hiihii.