Kompaila ya Modeli ya Bahari: Kwanza Hesabu, Kasi Baadaye

Anayeiga mwendo wa bahari kwa kompyuta hapa Mombasa, awe anafuatilia maji ya bamvua yanayoingia Kilindini au jinsi kusi inavyoutia nguvu mkondo wa pwani unaoelekea kaskazini, hawezi kuikwepa Fortran, kwa kuwa modeli kubwa za kazi hiyo, kama ROMS, zimeandikwa kwa lugha hiyo. Akishaweka Linux, swali la kuchagua kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, humfikia mapema. Kwa maoni yangu swali hili huulizwa vibaya: watu hushindanisha kasi kabla ya kuhakikisha kwamba kompaila zote zinafanya hesabu ile ile.

Gfortran, kompaila huria ya GNU, isipopewa agizo lolote haiuboreshi msimbo kwa ajili ya kasi, yaani hutumia ngazi ya -O0, ilhali ifx, kompaila ya Intel, huanzia ngazi ya -O2 na tena hujiruhusu kubadilisha mpangilio wa hesabu za desimali. Mpangilio huo una uzito wake. Kwa namba za biti 64, ukijumlisha 1 na 10000000000000000 kisha ukaondoa namba hiyo kubwa, utapata 0. Ukianza kwa kuitoa namba kubwa kutoka kwa yenyewe kisha ukaongeza 1, utapata 1. Ndiyo maana gfortran, hata kwa -O3, hukataa kuugawa mzunguko wa kujumlisha ili prosesa ijumlishe namba kadhaa kwa mpigo. Anayetaka ulinganisho wa haki na aipe ifx agizo la -fp-model=precise, ndipo ashike saa.

Wengi hukimbilia -ffast-math, agizo la gfortran linalolegeza kanuni za hesabu ili kupata kasi. Mimi siipendi, kwa sababu inaiambia kompaila kwamba NaN (alama ya jibu lisilo namba) haitatokea kamwe, na kwa hivyo ule mstari uliouandika kukagua kama modeli imelipuka unaweza kufutwa kimyakimya, nayo programu ikaendelea kuchapisha takataka usiku kucha. Anayehitaji tu ruhusa ya kupanga upya majumlisho atatosheka na -fassociative-math, ikiandamana na -fno-signed-zeros na -fno-trapping-math.

Kuna pia suala la maktaba, ambalo ndilo hunifanya nianze na gfortran. Faili za .mod, zinazobeba maelezo ya moduli za Fortran, za kompaila moja hazisomwi na nyingine, na NetCDF ya Fortran (maktaba ya kusoma na kuandika faili za data) iliyomo kwenye hazina za Ubuntu na Debian imejengwa kwa gfortran. Ukihamia ifx utalazimika kuijenga upya. (Ifx nayo haiuzwi siku hizi, na ifort ya zamani iliondolewa katika toleo la 2025, kwa hivyo bei si hoja tena.) Modeli za bahari, isitoshe, mara nyingi hukwamishwa na kasi ya kuleta data kutoka kwenye kumbukumbu, jambo ambalo kompaila haina uwezo mkubwa nalo.

Mwenye kadi za michoro za NVIDIA na msimbo ulioandaliwa kwa OpenACC (maagizo ya kupeleka hesabu kwenye kadi hizo) ana sababu nzuri ya kujaribu nvfortran, kompaila ya NVIDIA yenyewe. Kuhusu -march=native, agizo linaloilenga programu kwa prosesa ya mashine inapojengwa, itumie pale tu programu itakapoendeshwa kwenye mashine ile ile ilipojengwa, kwani ikijengwa kwenye prosesa yenye AVX-512 (maagizo ya kukokotoa namba nyingi kwa mpigo), prosesa ya zamani isiyo nayo itaikatiza kwa ujumbe wa “Illegal instruction”.