Kipande cha kopo

Injini tuliilaza juu ya matairi mawili makuukuu, tumbo likitazama juu, kama mbuzi anayesubiri kuchunwa. Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2014, uani kwetu Mtoni Mtongani, Dar es Salaam. Fundi alikuwa amechuchumaa upande wa sampu, lile beseni la oili la injini, mimi upande wa pili na bakuli la bolti mkononi, na baba amejinyoosha kwenye kiti chake cha uvivu kivulini, redio ikiegemea mguu wa kiti. Kuishusha kulitumalizia asubuhi nzima ya jana yake: cheni bloku kwenye tawi nene la mwembe, vijana wanne wa jirani, na mama akipaza sauti kutoka jikoni kwamba tawi likikatika asije mtu kumuuliza dawa ya kuchua.

Pikapu yenyewe ilikuwa Peugeot 404 ya mwaka 1972, ambayo nyumbani hatukuwahi kuiita jina jingine ila Pijo. Baba aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1977, lakini mapenzi yake na gari hilo yalianza kabla. Mwaka 1966, na tena 1967, Bert Shankland aliibuka mshindi wa mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki akiwa na 404, na Shankland alikuwa mkazi wa hapa hapa Tanzania. Baba alikuwa kijana, alifuatilia redioni. Kwa vijana wa umri wake ule ulikuwa ushindi wa nyumbani, na gari lile likawa gari la nyumbani. Akaapa kwamba akipata fedha hatanunua gari la jina jingine.

Pijo ilibeba nazi, papa mkavu, mbao, maiti, maharusi, na sisi watoto tukiwa tumesimama nyuma tumeshika keria. Mwaka 1998 ikaanza kula oili. Ikatoa moshi wa bluu, ikachemsha kila safari, mwishowe ikaegeshwa chini ya mwembe na haikutoka tena kwa miaka 16. Kuku walitaga ndani ya kibini. Hewa ya bahari kutoka juu na majani yaliyooza kutoka chini vikaila sakafu na kingo za milango. Habari za bodi sitazirefusha: mchomeleaji alikata palipooza akaunga bati jipya, ikapigwa puti, ikapigwa rangi nyeupe ya maziwa kama ya mwanzo. Kila mtaa wa Dar es Salaam una mtu anayeiweza kazi hiyo.

Kilichonifanya niianze shughuli yote ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na mzani wake, akaitazama Pijo, akataja bei ya kilo. Baba hakumjibu. Aliinuka, akalizunguka gari mara mbili huku kiganja kikipita juu ya bati, kisha akaingia ndani na hakutoka hadi magharibi. Wiki iliyofuata nilikwenda Keko kumtafuta fundi ambaye watu waliniambia alikuwa amezifunga Pijo tangu ujana wake.

Sasa injini iko juu ya matairi, sampu imetoka, na fundi anafungua vifuniko vya konrodi, mikono inayounganisha pistoni na krankishafti, kimoja kimoja, kila kimoja akikipiga alama kwa patasi ndogo ili kisije kikahamia silinda nyingine. Cha kwanza, sawa. Cha pili, sawa. Cha tatu alipokivuta, kitu chembamba kilidondoka kikalia juu ya chuma. Fundi akakiokota, akakiosha kwa petroli, akakishika kwenye mwanga. Kilikuwa ukanda wa bati uliokunjwa kama mwezi mwandamo, na pembeni palibaki mstari wa rangi ya buluu. Kopo la maziwa ya unga. Mtu alikuwa amelikata akalipachika nyuma ya beringi ili kuibana.

Fundi akasonya. Akapitisha ukucha kwenye jicho la krankishafti, ule mhimili wa injini, pale konrodi inaposhika, akanishika kidole na kunipitishia hapo hapo. Niliusikia mfereji. Jicho lilikuwa limeliwa, halikuwa duara tena.

"Nani kaweka hii?" akauliza.

Nikajibu mimi, kwa hasira, maana nilishapiga hesabu ya kusaga krankishafti kichwani. Nikasema aliyefanya hivyo hakuwa fundi, alikuwa mwuaji wa magari, na watu wa namna hiyo ndio waliomharibia baba gari lake.

Redio ikapunguzwa sauti.

"Ni mimi," baba akasema.

Sijui nilikaa kimya muda gani. Fundi ndiye aliyesema, "Tuambie, Mzee."

Ilikuwa 1982. Baba alikuwa akitoka Kilwa na nazi na papa mkavu, yeye na utingo. Karibu na Nangurukuru injini ikaanza kugonga, kwanza polepole, kisha kama mtu anayebisha hodi kwa nyundo. Akazima. Dar es Salaam ilikuwa mbele kwa karibu kilomita 300, barabara ya mchanga na matope, na Rufiji inavukwa kwa pantoni pale Ndundu, maana Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Na hata angekuwa mjini, beringi mpya angeipata wapi? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha juzi tu, fedha za kigeni hazipo, na maduka ya spea yalikuwa na rafu za vumbi. Akaingia uvunguni. Akamwaga oili kwenye sufuria aliyoazima kwa mama ntilie, akafungua sampu, akaikuta konrodi ya tatu inacheza. Utingo alikuwa na kopo la maziwa analotunzia sukari. Wakalikata kwa mkasi wa fundi cherehani.

"Umeiweka upande wa kifuniko," fundi akasema taratibu, akikigeuzageuza kile kipande.

"Upande wa juu una tundu la oili," baba akamjibu. "Ningeliziba, nisingefika hata Somanga."

Fundi akatikisa kichwa, safari hii kwa namna nyingine.

Walikwenda mwendo wa baiskeli. Wakalala Ndundu wakisubiri pantoni. Miaka hiyo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, kwa ajili ya kuokoa mafuta, na wao walifika Mbagala Jumapili saa tisa kasoro. Baba akaomba kuegesha uani kwa mtu asiyemjua, akalala ndani ya gari hadi alfajiri. Mama alikuwa hapa Mtongani, kilomita chache tu mbele, siku ya tatu hana habari za mumewe.

"Nikasema nikipata beringi nitalitoa," akamalizia. "Zilipokuja kupatikana, gari lilikuwa linatembea vizuri. Nikasahau. Au nilijua, sikutaka kufungua."

Nilimwomba radhi. Akanionyesha bakuli kwa kidevu. "Mpe fundi bolti, anasubiri."

Nilipompa kile kipande akiangalie, alikishika kidogo tu, akakitupa kwenye lundo la vyuma vilivyokwisha. "Kimemaliza kazi yake." Usiku nilitoka na tochi kukitafuta. Lundo halikuwepo. Watoto wanaokusanya vyuma chakavu walikuwa wameshapita.

Kuanzia siku ile baba aliacha kuwa mtazamaji. Krankishafti tuliipeleka pamoja kwenye karakana ya mashine Chang'ombe. Jicho la tatu ndilo lililoliwa, lakini yote manne yalisagwa hadi saizi moja ili beringi zije seti moja. Silinda hedi ya 404 ni ya aluminiamu, na maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Miaka yote tuliyojaza rejeta kwa ndoo ya kisimani ilikuwa imeandikwa pale, vishimo vishimo kuzunguka njia za maji. Vikajazwa, na uso wa hedi ukaskimiwa hadi ukawa bapa. Valvu tulizisaga sisi wenyewe barazani kwa kijiti chenye mpira na dawa ya kusagia, tukizungusha kati ya viganja kama mtu anayepekecha moto, mpaka pete ya kijivu ikatokea kwenye kila kiti cha valvu bila kukatika popote. Kazi hiyo niliipenda kupita zote. Umeme ulikatika mara nyingi miezi hiyo, na kazi ya valvu haiuhitaji.

Pistoni ndizo zilizotusumbua. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani tulipata seti nzima ndani ya boksi, na muuzaji akatuapia kuwa ndizo. Zilikuwa za Peugeot 504. Mtu anaweza kudanganyika kwa urahisi, kwa sababu injini ya 404 ya cc 1618 na ile ya 504 ya cc 1796 zote zina silinda yenye kipenyo cha milimita 84. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 73 kwa 81. Baba alitoa mfukoni pistoni yetu ya zamani, imefungwa kwenye leso, akaisimamisha kando ya ile mpya juu ya meza ya duka na kulinganisha kimo cha tundu la pini. Muuzaji akaona mwenyewe, akafunga boksi lake bila ubishi. Seti yetu ilikuja kutoka Nairobi kwa basi kupitia Namanga, pistoni, ringi na laina zake.

Hapa niseme kuhusu laina, kwa sababu ndipo nilipokosea. Kwenye injini hii laina ni bomba la chuma linaloshuka ndani ya bloku na kuzungukwa na maji moja kwa moja. Chini yake hukaa gasketi nyembamba, na juu laina inatakiwa ichomoze kidogo sana kuliko uso wa bloku, kiasi cha kupimwa kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, ili silinda hedi ikikazwa iikandamize. Kabla hedi haijakaa, hakuna kinachoishikilia zaidi ya gasketi hiyo. Kwa hiyo fundi alizibana zote nne kwa bolti na washa pana, akaniambia, "Usizungushe krank hizi zikiwa zimetoka." Kisha akaenda kwenye msiba Bagamoyo.

Jumamosi hiyo wapwa zangu walikuja. Nilikuwa nimezitoa zile washa ili nisafishe uso wa bloku. Mtoto mmoja akaniuliza pistoni zinapandaje. Nikashika spana nikaizungusha krankishafti, mara mbili tu, wakaziona zikipanda na kushuka mbili mbili, wakafurahi sana. Nikarudisha washa, na sikumwambia mtu.

Novemba injini ikarudi ndani ya gari, imelala upande kwa digrii 45 kama ilivyoundwa. Ikawaka. Mama alipiga vigelegele, jirani wakaja. Kesho yake asubuhi fundi alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akakipeleka kwa baba bila neno. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye sampu.

"Laina imeinuka," fundi akasema. "Nani alizungusha krank?"

Nilimtazama baba. Naye alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema.

Fundi alifungua mdomo, akaufunga. Baba akainuka kwenye kiti, akavua shati, akalitundika kwenye kioo cha pembeni.

"Fungueni," akasema. "Oili yote imwagwe, tusiiwashe tena hata dakika moja, beringi mpya zitakufa."

Tukaifungua upya. Laina ya pili ndiyo iliyokuwa na alama ya maji chini. Gasketi zote zikabadilishwa, zikapimwa upya, na safari hii baba mwenyewe ndiye aliyeshika fila geji, miwani ikiwa imeteremka puani, akinisomea na mimi nikiandika kwa chaki kwenye bloku. Tapeti, yaani nafasi za valvu, pia alipima yeye. Alinieleza kwa nini valvu ya kutolea moshi huachiwa nafasi kubwa kuliko ya kuingizia: hiyo ndiyo inayopigwa na moto, hivyo hurefuka zaidi. Nilikuwa na miaka 36 na sikuwahi kumsikia baba akizungumza saa nzima mfululizo.

Tuliiwasha Januari 2015. Betri ilikuwa mpya na stata nzima, lakini baba alitaka hendeli. Akanionyesha jinsi ya kuishika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke, maana injini ikirudisha teke hukivunja. Akaivuta kwenda juu. Mara ya kwanza ikapumua tu. Mara ya pili ikashika.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Tulisimama kuisikiliza. Fundi aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini sikioni, akaihamisha silinda hadi silinda, alipofika ya tatu akakaa hapo muda mrefu. Kisha akampa baba ile bisibisi. Baba naye akasikiliza. Siku tatu mfululizo tuliiwasha na kuizima, na kila asubuhi kijiti cha oili kilitoka na rangi ya asali.

Siku ya nne baba alitoka ndani amevaa kanzu na kofia, akafungua mlango wa dereva, akafikiri, akazunguka akapanda upande wa abiria. Mimi nikashika usukani. Gia ya 404 iko pale pale kwenye usukani, na mkono wangu ulikuwa ukiitafuta mahali isipokuwepo.

"Saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa tisa kasoro, baba."

"Na leo ni Jumapili."

"Jumapili."

Akashusha kioo, akatoa kiwiko nje.

"Pita Mbagala," akasema.